Nilivyotumia fomu ya YouTube kuondoa video zangu zilizoibwa

Mimi ni fundi wa cherehani katika soko la Gikomba, Nairobi, na narekodi video za kufundisha kurekebisha mashine. Kuna chaneli ilikuwa ikizipakua, inakata pale ninapojitambulisha, kisha inazipakia kama zake. Nimetumia fomu ya YouTube ya kuomba video iondolewe, na naipendekeza kwa yeyote anayeibiwa kazi.

Ni ya bure na haihitaji wakili. Unaweka kiungo cha video yako, cha ile iliyoibwa, jina lako halisi na anwani. Jina na barua pepe humfikia unayemlalamikia, kwa hiyo mimi nilifungua barua pepe ya biashara kwanza. Halafu unachagua: video iondolewe mara moja, au mwenye chaneli apewe siku 7 aitoe mwenyewe bila kupata onyo. Nilimpa zile siku 7, akaitoa. Haukupita muda akapakia nyingine. Hiyo nikaomba iondolewe papo hapo, na onyo akalipata.

Onyo moja huisha baada ya siku 90, mradi amalize somo la hakimiliki. Akifikisha matatu ndani ya muda huo, chaneli hufungwa. Wala si hisani ya kampuni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inasema mtandao usiokuwa na utaratibu wa kuwafungia wanaorudia kosa hupoteza kinga yake mahakamani dhidi ya kesi za kazi zilizoibwa na kupakiwa na watumiaji wake. Hapo ndipo fundi mdogo anapopata nguvu.

Kinachonisumbua ni pingamizi. Aliyeondolewa video akipinga rasmi, unabaki na siku 10 za kazi, kwa kalenda ya Marekani, kuonyesha kwamba umefungua kesi. Usipoonyesha, video inaweza kurudishwa. Nani hapa sokoni ana pesa za kesi kwa ajili ya video ya dakika nane? Huyu wangu hakupinga, nashukuru, lakini mwizi jasiri anaweza kutegemea umaskini wetu.

Content ID, ule mfumo unaokagua video zote zinazopakiwa, hupewa wenye kazi nyingi kama kampuni za muziki na filamu. Sisi wengine tuna kisanduku kwenye fomu cha kuomba nakala zizuiwe zisipakiwe tena. Kitie alama. Na video asili usizifute kwenye simu hata ikijaa; mimi nimezihamishia kwenye diski, kila moja na tarehe yake.