Kamera nne kwenye semi: nunua kwa ajili ya upande wa utingo

Seti hii ya kamera nne na skrini ya inchi 10 niliinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi laki tano na nusu. Ufundi nililipia pembeni. Haina jina kubwa, ni hizi hizi za Kichina zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya vifaa vya malori, zinakula umeme wa volti 12 hadi 24. Nimeifunga kwenye Scania R420 inayovuta semi ya kontena la futi 40, na nimekwenda nayo Lubumbashi kiangazi na masika. Madereva wenzangu wananiuliza kila tukipaki, na matajiri wenye magari nao wanauliza kama hela yao itarudi, kwa hiyo naandika hapa kila nilichokiona.

Jibu langu ni nunua. Lakini ujue unanunua kamera ya kushoto na kamera ya mbele. Ya nyuma ni nyongeza tu, na vile vidude vya kupiga kelele kitu kikiwa karibu, vinavyokuja na seti, viache kwenye sanduku.

Sisi tunakaa kulia. Kutoka dirishani kwangu namwona mwenye boda mpaka kandambili zake. Upande wa utingo mambo ni tofauti kabisa. Dirisha liko juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama chini, na bajaji ikishajibana sambamba na tairi la mbele la kushoto, dirisha halikuonyeshi na kioo kikubwa hakikuonyeshi. Malori yanayotoka Ulaya huja na kioo kidogo juu ya mlango wa kushoto kinachotazama chini, na kingine mbele kinachotazama bampa. Kanuni za kule zinavidai. Sasa pita kwenye foleni ya bandarini uangalie ni magari mangapi bado yanavyo. Vimevunjwa na matawi, vimeibwa, au vimegeukia mawinguni na hakuna anayejali kuvirudisha. Linaniuma hili, maana gari lilitengenezwa likiwa na jicho na sisi tumeliacha lipofuke.

Chukua kona ya Ubungo, ile ya kutoka Mandela kuingia Morogoro Road kwenda Kimara. Kila gari la transiti, la mizigo ya nchi jirani, linaijua. Matairi ya trela hayafuati njia ya kichwa, yaani gari la mbele linalovuta, yanakuja ndani zaidi, kwa hiyo ni lazima ufungue kulia kwanza ndipo ukate kushoto. Ukifungua, nafasi inabaki kati yako na ukingo, na mwenye bajaji anaiona ni nafasi yake. Anaingia. Hapo kichwa kimeshaanza kupinda, kioo cha kushoto kimejaa ubavu wa kontena, cha kulia kinakuonyesha majengo ya ng'ambo. Una mita 12 za bati nyuma yako na hujui nani yuko ubavuni.

Kamera ya kushoto fundi aliifunga chini ya mkono wa kioo, inatazama nyuma na kuinama kidogo. Inaonyesha kuanzia ngazi ya mlango hadi matairi ya mwisho ya trela. Lenzi yake ni pana, hivyo hata kichwa kikipinda, ukingo wa barabara haupotei kwenye picha. Pale pale Ubungo niliwahi kuona kwenye skrini kofia ya njano ya abiria wa boda ikijitokeza katikati ya tangi la mafuta na matairi ya trela. Kwenye vioo hakukuwa na kitu. Nikakanyaga breki, boda ikapita na abiria wake, nikaendelea. Hata kama seti nzima ingekuwa na kamera hiyo peke yake, ningeilipia.

Skrini usikubali ifungwe katikati ya dashibodi kama redio. Mafundi wengi wanapenda hapo kwa sababu waya ni fupi. Mwambie aisogeze kushoto, karibu na nguzo ya kioo cha mbele, ili jicho likienda kwenye kioo cha pembeni lipitie skrini njiani. Ikiwa katikati utalazimika kuchagua utazame kipi, na kwenye kona hakuna muda wa kuchagua.

Kuna waya mmoja wa kuzungumza na fundi mapema. Seti inakuja na nyaya za kuunga kwenye indiketa: ukiwasha ya kushoto, picha ya kushoto inajaza skrini yote. Kwa nchi nyingine ni jambo jema. Kwetu indiketa tunaongea nayo. Unamwashia kushoto mwenye basi aliye nyuma ajue mbele ni peupe, unamwashia kulia ajue kuna gari linakuja asitoke. Kuanzia Mikumi mpaka Kitonga unaweza kuwasha hivyo muda wote, na skrini inarukaruka mpaka inachosha macho. Nilimwambia fundi aukate waya huo. Sasa picha zote nne zinakaa pamoja, na kwa skrini ya inchi 10 zinaonekana vizuri. Waya wa rivasi, unaoleta picha ya nyuma ukirudi nyuma, nimeuacha.

Kamera ya mbele watu wanaidharau, wanasema mbele si naona. Mbele unaona mbali. Chini ya kioo, pale kwenye bampa, mtu mzima wa kimo cha kawaida anaweza kupita usimwone, mtoto ndiyo kabisa. Nenda kwenye foleni ya mpakani, Tunduma au Kasumbalesa, ujionee. Gari limesimama saa nzima, kina mama wa chakula na vijana wa maji na wa kubadilisha fedha wanakatiza katikati ya malori, wengine wanainama kufunga mzigo hapo hapo mbele ya gari. Foleni ikisogea mita tano, wote mnaachia breki kwa pamoja. Siku hizi siondoi gari kabla ya kutazama picha ya mbele, na utingo wangu ameshazoea kunikumbusha.

Wanaokwenda Kongo nao wasikilize. Zambia tunaendesha kushoto kama nyumbani, lakini ukivuka Kasumbalesa barabara inahamia kulia na usukani wako umebaki kulia. Ghafla wewe dereva ndiye unayekaa upande wa mtaro, na upande wa utingo ndio unaotazama katikati ya barabara. Magari yanayokupita yanatokea kule usikoona. Zamani ilikuwa ni utingo kutoa kichwa nje mpaka Lubumbashi. Kamera ya kushoto imenisaidia sana kujua nani anakuja kunipita kabla sijahama kukwepa shimo. Ila haikuonyeshi gari linalokuja mbele yako, maana yenyewe inatazama nyuma. Kwa kuovateki Kongo bado unahitaji utingo aliye macho, na kama hana uhakika, hutoki.

Ya nyuma nitaisema kwa ufupi. Inasaidia kuingiza gari kwenye yadi ya kushushia. Haioni nyaya za umeme juu wala paa la ghala, kwa hiyo utingo ashuke tu. Waya wake una plagi kati ya kichwa na trela, na hapo ndipo inapougua: ukibadilishiwa trela huna kamera, na plagi ikiachwa wazi inajaa vumbi na kutu. Kwenye safari yangu ya masika lenzi ya nyuma iliingia ukungu ndani. Nilirudi dukani wakanibadilishia bila maneno mengi.

Vile vidude vya kelele vya kubandika ubavuni nilivitoa. Vinalia kwa nguzo, kwa ukingo, kwa gari lililopaki, kwa mkokoteni. Ukiwa Buguruni vinalia mfululizo, na kengele inayolia muda wote mtu anaacha kuisikia, hata siku inapolilia binadamu. London wameliona hilo. Tangu Oktoba 2024, lori la zaidi ya tani 12 ambalo kabini yake haifikishi nyota tatu kwenye kipimo chao cha jinsi dereva anavyoona nje kwa macho yake lazima lifungwe kamera na vitambuzi, na vitambuzi hivyo vinatakiwa visilie kwa nguzo wala kwa gari lililosimama. Hivi vyetu vya elfu arobaini havijui tofauti hiyo.

Kasoro nyingine zipo. Lenzi pana inakipeleka kitu mbali: bajaji inayoonekana ina nafasi ya kutosha, kwa kweli iko karibu kukugusa. Nilimsimamisha utingo na chaki yadini, akachora mstari mita moja kutoka kwenye ubavu wa gari, nikauangalia kwenye skrini unakaa wapi, nikaweka alama kwa utepe mwekundu. Fanya hivyo siku ya kwanza. Usiku taa za gari la nyuma zinaifanya picha iwe nyeupe, na kwenye vumbi kamera inakuonyesha vumbi. Kitambaa cha kufutia lenzi kinakaa mlangoni kwa utingo, na tunafuta kila tunaposimama mizani, Vigwaza, Mikese, Makambako.

Kwa mwenye hela kidogo, anza na vioo. Kile kioo cha duara kilichobinuka, cha elfu kumi na tano, kifunge chini ya kioo cha kushoto, na vile vya asili juu ya mlango na mbele virudishwe. Ningekuwa tajiri mwenye magari kumi, vioo vingeenda kwenye yote kumi wiki hii, na kamera zingefuata gari moja moja, nikianza na yanayozunguka mjini kutoka bandarini kwenda ICD, zile bandari kavu za makontena, maana huko ndiko kuna bajaji na watembea kwa miguu wengi.

Seti naipa nyota nne. Ukienda kununua, mwombe muuzaji aiwashe dukani, akuonyeshe jinsi ya kugeuza picha kushoto iwe kulia, kwa sababu baadhi ya kamera za ubavuni zinakuja zimewekwa kama za mbele, na mtu anayepita kushoto unamwona anapita upande mwingine. Na chukua kamera moja ya akiba. Mimi nimeuziwa kwa elfu 45, iko kwenye droo ya kabini pamoja na fyuzi.