Sindano ya ganzi ya nyonga aliyochomwa mama, naipa nyota nne
Jamani mama angu kabadilishiwa nyonga mwezi uliopita hapa Dar, na kilichonishangaza kuliko hata operesheni yenyewe ni ile sindano ya kuziba mishipa ya fahamu. Daktari wa usingizi kaweka kile kidude cha ultrasaundi karibu na kinena, akawa anaifuata sindano kwenye skrini mpaka ikafika panapotakiwa, akasukuma dawa taratibu, dakika chache tu kwisha. Usiku ule mama kaomba chai, kalala, mofini, ile dawa kali ya maumivu, hakuihitaji kabisa, na mimi nilishajiandaa kwa vilio maana dada yake miaka ile mofini ilimtapisha mpaka asubuhi.

Nyota moja naipunguza coz hakuna aliyetuambia ganzi ikiisha, na mara nyingi ndani ya siku moja hivi inaisha, maumivu yanarudi kwa mpigo. Kesho yake mchana mama kanikamata mkono anatetemeka, ndo nesi anaanza kutafuta vidonge! Ulizeni mapema, vidonge vianze kabla ganzi haijaachia. Halafu paja linaweza kulegea, asisimame peke yake, mama alijiona yuko fiti akaenda chooni, nikamdaka mlangoni.