Mrejesho: tofali za kufungamana kutoka kwa vijana wa Kibaha

Wengi mmeniuliza kuhusu nyumba yangu ya vyumba viwili isiyopigwa lipu. Nimengoja masika yaishe kwanza, maana sikutaka kusifia ukuta wa udongo ambao haujanyeshewa.

Tofali zenyewe ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, zinashindiliwa kwa mashine ya mkono na hazichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri. Tofali moja lina urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10. Juu lina vinundu na chini vishimo, linakaa juu ya lenzake bila mota, yaani rojo la saruji na mchanga la kuunganishia. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, pale Mwenge, Dar es Salaam, ulizifundisha kwa miaka mingi. Mimi nilizichukua kwa kikundi cha vijana ambao wanakuja na mashine yao kufyatulia kiwanjani kwako, ili mradi udongo wako unafaa.

Na hapo kwenye udongo ndipo waliponivutia. Siku waliyokuja hawakugusa mashine kabisa. Kiongozi wao alichimba shimo la kufika kiunoni, akatupa pembeni udongo wote wa juu, ule mweusi wenye mizizi, akachukua ule mwekundu wa chini. Akautia kwenye chupa ya maji ya kunywa hadi nusu, akajaza maji, akafunga na kutikisa kwa nguvu.

"Mama, hii tuiache mpaka kesho, mtu asiiguse."

Kesho yake mchanga ulikuwa umelala chini kwa kina, udongo wa mfinyanzi umekaa juu yake tabaka jembamba, maji bado mekundu kidogo. Akapima matabaka kwa vidole, akaridhika. Mfinyanzi ukizidi, alinieleza, tofali linapasuka likikauka. Ukikosekana, kingo zinamomonyoka mkononi hata kabla saruji haijashika. Jirani yangu, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, walimwambia udongo wake haufai bila kuongezwa mchanga. Walikuwa tayari kukosa kazi kuliko kumfyatulia kitu kibovu, na hilo kwangu lina uzito mkubwa.

Mchanganyiko ulikuwa ndoo moja ya saruji kwa ndoo kumi za udongo uliochekechwa. Maji yananyunyizwa, hayamwagwi. Kisha kijana anafinyanga donge, analiinua usawa wa kifua, analiachia. Likitawanyika kama unga, maji hayajatosha. Likibonyea tu likabaki zima, maji yamezidi. Likivunjika vipande vichache, hapo mashine inaanza. Alilirudia jaribio hilo kila fungu jipya, jua likiwa kali na wenzake wanamsubiri. Na mafungu yenyewe ni madogo, yanamalizwa ndani ya saa moja hivi, saruji isije ikaanza kushika chini.

Nasisitiza hili kwa sababu kabla yao nilipita kwenye kiwanja kingine cha tofali, ambacho sitakitaja. Pale lundo zima lilichanganywa asubuhi, na baada ya adhuhuri walikuwa bado wanalifyatua, likikauka wanaliongeza maji. Saruji ikishaanza kushika ukaivuruga tena, nguvu yake imekwenda. Nilikwangua tofali lao lililokauka kwa ufunguo wa nyumba, ufunguo ukazama. La vijana hawa, likishatimiza wiki nne, ufunguo unaacha mstari tu. Fanyeni jaribio hilo popote mnaponunua. Halihitaji utaalamu, na muuzaji mkweli hatakukataza.

Baada ya kufyatuliwa zilipangwa kivulini, zikafunikwa nailoni, zikamwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Anayeishi kwa maji ya boza aiweke gharama hiyo kwenye bajeti mapema, maana ni maji mengi kweli.

Sasa bei, ambayo ndiyo inayowachanganya watu. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 33 za namna hii. Za saruji za inchi 6 ni kama 10. Ukiambiwa la udongo ni shilingi 600 na la saruji ni 1,400, piga hesabu kabla hujafurahi: ni karibu 20,000 kwa 14,000, na za udongo ndizo ghali. Nafuu inakuja baadaye. Hununui mchanga na saruji ya mota kwa kozi (mistari ya tofali) zote zile, hupigi lipu, hufanyi skimming ya kulainisha ukuta, hupaki rangi, na fundi wa kazi hizo humlipi. Kwa hiyo mtu anayepanga kuzifunika kwa lipu ndani na nje, mimi namshauri ajengee za saruji tu, kwa sababu atalipia mara mbili. Uzuri wa tofali hizi ni kuziacha zionekane.

Upande wa ujenzi, pesa yako iweke kwenye kozi ya kwanza. Hiyo ndiyo inayolazwa kwenye mota juu ya msingi, na fundi wangu aliikalia kutwa nzima na uzi, timazi na pima maji. Niliona siku inakwisha na ukuta haujapanda, nikamuuliza kulikoni. "Mama, zikianza kupanda hakuna mota ya kunisaidia kurekebisha. Kosa la hapa tutalikuta kwenye linta, kule juu ya milango na madirisha." Kesho yake zilipoanza kupangwa zilipanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye tofali za saruji. Kwenye kona alishusha nondo ndani ya matundu ya tofali na kumimina rojo la saruji. Kwenye linta alitumia tofali za mfereji, zenye nafasi wazi kwa juu, akalaza nondo za milimita 12 na kujaza zege.

Masika yamepita. Ukuta wa upande wa kusi, unaopigwa na mvua ya upepo, haujamomonyoka mahali popote, lakini sifa hiyo si ya tofali peke yake. Msingi nimeuinua, kozi za chini kabisa nimezipiga lipu ya saruji kwa nje, na paa limetoka vizuri kupita ukuta. Maji yanayoruka kutoka ardhini ndiyo yanayokula ukuta wa udongo. Sehemu moja tu, chini ya dirisha la jiko, iliingiza unyevu na sisimizi kwa sababu maungio hayakuzibwa vizuri kwa nje. Kuziba maungio ni kazi ya kuchosha na mafundi huiruka, kwa hiyo kagueni kozi kwa kozi kabla ya kumaliza malipo.

Malalamiko yangu kwa vijana ni mawili. Kwanza umeme. Mabomba ya nyaya yanapita vizuri ndani ya matundu ya tofali, lakini lazima fundi umeme awepo tangu kozi za mwanzo, aoneshe swichi na soketi zinakaa wapi. Hakuna aliyeniambia. Chumbani kwangu imebidi bomba moja lipite juu ya uso wa ukuta, na kuuchimba ukuta usio na lipu ni kuuharibu. Wateja waelezwe hili siku ya makubaliano.

Pili, tofali za nusu. Zinahitajika kila penye mlango, dirisha na mwisho wa ukuta, na walizofyatua hazikukaribia kutosha. Fundi alikata nzima kwa grainda, vumbi likatujaa, na nyingine zikavunjika vibaya zikatupwa. Kazi ya uzio nitawapa wao, hilo nimeshawaambia, kwa sharti kwamba nusu zihesabiwe kwenye mchoro na zifyatuliwe kabla ya nzima.