Chapa za sanaa ya Waaborijini: ipi itangulie ukutani

Maduka mengi yatakuuliza makochi yako yana rangi gani. Kwa chapa za sanaa ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi, uliza kwanza hela yako inamfikia nani. Nimezipanga kwa kigezo hicho.

Namba moja, na sioni mshindani, ni chapa halisi ya toleo dogo kutoka kituo cha sanaa kinachomilikiwa na wasanii wenyewe. Msanii huchonga kibao au bamba, nakala chache hutolewa, kisha kila moja hupewa namba na saini kwa penseli; 12/40 ni ya kumi na mbili kati ya arobaini. Kituo cha Buku-Larrnggay Mulka, kijijini Yirrkala kaskazini mwa Australia, kina karakana yake ya kuchapa. Wazee wa Yolngu, wenyeji wa huko, walikataa michoro yao mitakatifu izalishwe kwa mashine, hivyo chapa za huko hubeba mambo mengine, na ndiyo maana zina uhuru wa kupendeza. Tiwi Designs, kituo kilicho visiwani kaskazini mwa mji wa Darwin, walianza mwaka 1969 kwa vibao vya mbao. Kwa chumba kidogo ningechukua ya Tiwi: mistari mizito, rangi chache. Dai cheti chenye jina la msanii, jamii yake na kituo.

Namba mbili si chapa kabisa. Warlukurlangu, kituo cha wasanii kule Yuendumu katikati ya Australia, huuza turubai ndogo zilizochorwa kwa mkono. Linganisha bei kabla hujalipia karatasi.

Namba tatu ni bango la jumba la sanaa, tuseme la kazi ya mchoraji maarufu wa Kiaborijini, Emily Kame Kngwarreye. Linamfaa mpangaji anayehamahama, ila usitarajie kuliuza kwa faida.

Kile kinachoitwa "mtindo wa Kiaborijini", kisicho na jina la mtu, kiache dukani. Tume ya Tija, chombo cha utafiti cha serikali ya Australia, ilikadiria mwaka 2022 kwamba theluthi mbili hadi robo tatu ya zawadi za kumbukumbu zenye michoro ya wenyeji wa asili si halisi. Hata mazulia hayakusalimika: mwaka 1994 mahakama ya Australia iliamua kwamba walioingiza mazulia yaliyofumwa Vietnam kwa kunakili kazi za wasanii bila ruhusa walivunja hakimiliki.

Ukinunua kwa muuzaji wa kati, angalia kama amejiunga na Indigenous Art Code, kanuni za hiari za biashara ya haki kwa wauzaji wa sanaa hii. Agiza chapa ikiwa imeviringwa, fremu utengenezewe mtaani kwako kwa karatasi isiyo na asidi, na usiitundike panapopigwa na jua.