Gari ya familia inayonusa mafuta Nyanda za Juu: kabla ya kuuliza cc, shika paipu la chini la rejeta

Meseji ninazopata kutoka Mbeya, Njombe na Makambako ni kama zimeandikwa na mtu mmoja. "Dada, niliambiwa IST inanusa mafuta, mbona yangu inakunywa kama Noah?" Dada mmoja wa Makambako alikuwa ameshabadilisha plagi, kasafisha nozeli, kanunua pampu ya mafuta, na fundi alikuwa anamshawishi abadili injini nzima. Nikamuuliza kitu kimoja tu: themostati ipo? Akaenda kuuliza, akarudi na jibu la fundi: "Ile tunatoaga mapema, gari isije ikachemsha."

Basi mwongozo huu hautazungumzia viti, redio wala urefu wa gari kutoka chini. Hayo utayaona mwenyewe ukifika. Mimi nazungumzia kitu kinachoenea kwenye kiganja, ambacho nusu ya mafundi wetu wanakitupa.

Themostati inakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi inafunga, maji yazunguke ndani kwa ndani mpaka yapate moto. Kwenye Toyota nyingi ndogo inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, maji yanakimbilia rejeta tangu dakika ya kwanza. Dar es Salaam, kwa joto lile na foleni zile, huenda usione tofauti kubwa. Lakini hapa Mbeya, mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi ziko chini ya 10, unatoka Uyole na watoto wa shule mpaka Mwanjelwa na injini bado inajiona ndiyo kwanza imewashwa.

Kompyuta ya gari inasoma joto la maji. Ikiona baridi inaongeza petroli, haijali kwamba umeshaendesha nusu saa. Otomatiki nyingi za Toyota nazo hazikubali kuingia OD, ile gia ya juu ya kupunguza mzunguko wa injini, mpaka maji yapate moto, kwa hiyo unatembea 80 injini ikilia bure. Na kuna jambo ambalo mafundi wanaoitoa hawakwambii: kwenye baadhi ya injini, themostati ikifunguka kwenda rejeta, hapo hapo inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Ndiyo maana unakuta mtu kaitoa ili gari isichemshe, na bado ikamchemkia mlima Kitonga.

Gari inayochemsha ina ugonjwa wake: rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imechoka, mfuniko haushiki presha, au gasketi imeungua. Kutoa themostati ni kuficha homa. Ndiyo maana gari isiyo nayo inanitia wasiwasi mara mbili, kwa mafuta itakayokula na kwa kile kilichomfanya fundi aitoe.

Kuipima hakuhitaji fundi. Fika gari ikiwa imelala, ya baridi kabisa. Mwambie muuzaji awashe, asubiri bila kukanyaga mafuta. Rejeta ina mapaipu mawili makubwa, la juu na la chini. Lile la chini, kama themostati ni nzima, litabaki baridi kwa dakika kadhaa wakati la juu linapata joto, halafu ghafla nalo litashika moto. Kama yote mawili yanapanda joto pamoja polepole, kama maji ya kuoga yanavyopashwa, jua hakuna kitu mle ndani. Angalia feni isikukate mkono. Angalia pia kifuniko cha themostati: ukiona silikoni nyekundu imefura pembeni, kuna mtu alishakifungua, muulize alikuwa anatafuta nini.

Gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu tu inayozimika injini ikipata moto. Taa hiyo isipozimika baada ya mwendo wa kutosha, au ikirudi ukishuka mlima, umeshapata jibu lako.

Sasa gari zenyewe, na sifichi, mimi ni mtu wa Toyota.

Namba moja ni Corolla Spacio ya mwaka 2001 hadi 2007, yenye injini ya 1NZ-FE, yaani 1.5. Sikiliza vizuri, 1.5. Kuna Spacio ya 1.8 ambayo madalali wanaiuza kwa mdomo ule ule. Fungua boneti usome kibati: chasisi ikianza na NZE ni 1.5, ikianza na ZZE ni 1.8. Ile 1.8 ni injini ya 1ZZ-FE, na za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Spacio ya 1.5 iliyo na themostati yake naitegemea kilomita 13 hadi 15 kwa lita barabara kuu, na kama 10 mjini. Inatumia cheni badala ya mkanda, spea zake utazipata popote ukishuka Mwanjelwa, na ile ya siti saba ina viti vya nyuma vya watoto. Kwa baba, mama, watoto watatu na bibi wa kupelekwa Tukuyu, sioni ya kushindana nayo.

Utaniuliza kwa nini siweki gari ndogo zaidi namba moja. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo farasi 100 za Dar hapa ni 83 hivi. Jaza watu watano, pandisha kutoka Uyole kwenda Isyonje, injini ya 1.0 utaikanyaga mpaka chini njia nzima, na ukikanyaga hivyo hakuna tena uchumi. Zile namba za kilomita kwa lita ambazo dalali anakusomea kwenye simu zilitoka Japani kwenye kipimo cha 10-15: gari iko juu ya rola, injini imeshapashwa moto, kasi haivuki 70. Mlima haumo.

Namba mbili, Premio au Allion ya 1.5, chasisi NZT240. Injini ni ile ile, gari imetulia zaidi, lakini wauzaji wanaipandishia bei kwa sababu ya sura. Ikimbie ya 2.0 yenye maandishi D-4. Ile inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ina pampu ya presha kubwa, na fundi wa kuielewa ni wa kutafuta kwa tochi.

Namba tatu, Probox. Wanaicheka kwamba ni gari ya mzigo. Wacheke. Viazi gunia mbili na familia, vyote vinaingia.

IST naiweka namba nne. Ile ya 1.3, chasisi NCP60, ni nzuri kwa mjini na kwa watu wanne wembamba. Kinachonikera ni bei. Gari ya 2003, imezaliwa kabla ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, inauzwa kwa kiburi kwa sababu tu ni namba D, yaani herufi za usajili wake zinaanza na D. Namba ya usajili inakwambia gari iliingia nchini lini. Haikwambii imeteswaje.

Noah: ya zamani, chasisi SR40 yenye injini ya 3S-FE, inakula lakini inasema ukweli, kama kilomita 8 hadi 10 kwa lita. Ile iliyofuata, AZR60, ina D-4 na nimeshaisema.

Dizeli wengi mnaniuliza, hasa mnaolima Mbarali na Njombe. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli, hilo ni kweli, na tabo inasaidia huku juu. Lakini Prado au Surf yenye 1KZ-TE ni injini ya lita 3 inayobeba chuma kingi. Usitarajie ikupe zaidi ya kilomita 8 au 9. Na injini hiyo ikichemka mara moja, silinda hedi inaweza kupasuka, kwa hiyo ukikuta 1KZ imetolewa themostati, ondoka haraka kuliko kwa gari yoyote niliyoitaja. Injini za 3C kwenye Townace na Noah za dizeli zina ugonjwa huo huo wa hedi.

Halafu bei yenyewe ya mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo, na sisi tunalipia usafiri wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar. Sawa. Ila bomba la mafuta la TAZAMA linakatiza mikoa yetu tangu 1968 kutoka Dar kwenda Ndola, Zambia, siku hizi limebeba dizeli, nasi tumesimama juu yake tukisubiri lori. Inaniuma kila nikijaza.

Vitz na Passo: kama unaishi Soweto ya hapa Mbeya, kazi Kabwe, huna watoto, chukua. Starlet ya karabureta usichukue, huku juu hewa ni nyepesi na karabureta haijui kujirekebisha.

Jambo la mwisho ni muda wa kwenda kuangalia gari. Dalali ukimwambia unafika saa tatu, saa mbili na nusu ameshaiwasha, na injini kaiosha inang'aa. Gusa boneti kabla hujasalimiana naye. Ikiwa ya moto, atasema alikuwa anaipasha tu. Mwambie hakuna shida, unakwenda kunywa chai, utarudi mchana ikishapoa. Akianza kupiga simu kwamba kuna mteja mwingine anakuja na hela taslimu, mwachie huyo mteja.