Afunge baba au afunge mama?

Mkishakubaliana kwamba watoto wanatosha, linabaki swali: nani aende kufunga uzazi? Wanaume wengi humsukumia mke. Kwa mama, daktari hupasua tumbo kidogo na kufunga au kukata mirija inayopitisha mayai. Kinga huanza mara moja, na akijifungua kwa upasuaji yote humalizwa hapohapo.

Kwa baba kazi ni ndogo zaidi, na mimi ningeanza na yeye. Ganzi kwenye korodani, tundu dogo, mirija ya mbegu inakatwa; mara nyingi haifiki nusu saa. Ila anayebeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, apumzike kazi nzito kama wiki hivi. Halafu kuna hili linalosahaulika: mbegu za zamani bado zimo njiani. Endeleeni na kondomu miezi 3, kisha shahawa zipimwe. Bila kipimo hicho, mimba ikiingia mke atasingiziwa bure.

Na huku si kuhasiwa, jamani! Homoni zinaendelea, nguvu ziko palepale, shahawa zinatoka, ila hazina mbegu.

UKIMWI hauzuiwi na njia yoyote kati ya hizi. Kurudisha uzazi ni kugumu kwa wote wawili, kwa hiyo anayewaza kuoa tena asubiri kwanza.