Apatimenti ya chumba kimoja Upanga ya kupangisha: kagua jengo kabla ya chumba

Wakuu, kuna watu kadhaa wameniuliza kuhusu hii apatimenti niliyonunua Upanga hapa Dar kwa ajili ya kupangisha, sasa naandika yote kwa pamoja. Ni chumba kimoja, sebule na jiko humo humo, choo kimoja, kibaraza cha kuanikia nguo, ghorofa ya tatu, sio mbali na barabara ya Umoja wa Mataifa. Jengo na muuzaji sitawataja. Nilinunua kwa mtu aliyekuwa anaimiliki, sio kwa mwenye mradi aliyejenga jengo, na hilo nalipenda sana maana jengo likishakaliwa miaka kadhaa hakuna cha kuficha, ukuta unaovuja utauona, lifti inayogoma utaiona, na wapangaji ukikutana nao kwenye ngazi ukawasalimia vizuri wanakueleza mpaka ya uvunguni.

Kuhusu eneo sina malalamiko kabisa. Muhimbili iko pale, chuo cha MUHAS pale pale, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, ukisogea baharini kuna Aga Khan na Ocean Road. Kwaiyo wapangaji wako ni madaktari wanaosomea ubingwa, manesi, watu wa maabara, na familia zinazouguza zilizotoka mikoani, wengine mpaka Comoro, wanaotaka sehemu ya kukaa miezi michache karibu na mgonjwa wao. Mtu anayetoka zamu ya usiku hataki kusikia habari ya foleni ya kwenda Mbezi, anataka atembee kwa miguu afike alale. Ndo maana chumba kimoja kinatoka haraka kuliko vitatu, kwa nilivyoona, maana familia yenye uwezo wa kulipa vyumba vitatu Upanga nyingi zishajenga kwao Goba au Kigamboni huko. Ila angalieni sana jengo lenyewe limekaa wapi, Upanga ya kuelekea bonde la Msimbazi kule Jangwani nenda kaione siku mvua imenyesha, usiende kiangazi ukaridhika. Na parking, hapa kwetu kila apatimenti ina nafasi ya gari moja tu na wageni wanagombana na mlinzi kila wikiendi.

Sasa jambo lenyewe. Watu wanakagua tailisi, makabati ya jiko, AC, wanafungua bomba wanaona maji yanatoka wanafurahi. Hivyo vyote unaweza kubadilisha kwa hela yako mwenyewe. Usichoweza kubadilisha peke yako ni jengo na watu wanaoliendesha, yaani lifti, jenereta, kisima, tenki, paa, mlinzi, usafi wa ngazi. Vyote hivyo vinategemea sevisi chaji, yaani mchango wa kila mwezi wa kuendesha jengo, na sevisi chaji inategemea wenye apatimenti wote kulipa. Wakiwepo wanne watano wagumu jengo linaanza kufa, kwanza dizeli ya jenereta inakosekana, alafu lifti inakaa miezi bila fundi, alafu mpangaji wako mzuri anahama na hurudishi tena kodi ile ile. Mnakumbuka mgao wa maji ule wa mwishoni mwa 2022, kuna majengo yenye kisima na tenki la maana wapangaji hata hawakuhisi, na jirani yao watu wanapandisha madumu mpaka ghorofa ya sita.

Mi kabla sijalipa hata senti niliomba kuona hesabu za umoja wa wamiliki. Kwenye hili jengo kuna mama mmoja mhasibu mstaafu ndo mweka hazina, kila mwezi anatuma kwenye grupu la WhatsApp nani kalipa, nani anadaiwa, dizeli imekula shilingi ngapi, na kiasi gani kimewekwa pembeni kwa ajili ya matengenezo makubwa. Kiukweli huyo mama ndo aliyenifanya ninunue. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inawataka wamiliki wawe na umoja wa kusimamia yale maeneo ya pamoja, lakini majengo mengi umoja uko kwenye makaratasi tu, kwaiyo uliza kikao cha mwisho kilikaa lini na uombe muhtasari. Wakikuzungusha, ondoka.

Na usalama wa jengo tusiufanyie mzaha. Machi 2013 ghorofa lilianguka pale mtaa wa Indira Gandhi likaua watu wengi, Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo. Hizi ni sehemu za mjini humu humu. Omba kibali cha ujenzi, hesabu ghorofa zilizoandikwa alafu hesabu zilizosimama, na lipa injinia wako mwenyewe aje aangalie nguzo za chini na paa. Hela yake ni ndogo sana ukilinganisha na unachonunua.

Upande wa hati hapa ndo pa kuwa macho. Kuna apatimenti zinauzwa kiwanja kizima kiko kwenye hati mama moja ya mwenye mradi, we unapewa mkataba wa mauziano na maneno "hati yako iko mbioni". Bila hati ya sehemu yako huwezi kuiweka dhamana benki kwa jina lako, na kuuza baadae ni shida. Yangu ilikuwa nayo, mwanasheria akafanya upekuzi kwa msajili wa hati, tukathibitisha haina mkopo, mke wa muuzaji akasaini ridhaa, alafu ndo ikaanza safari ya uthamini, kodi ya asilimia 10 ya faida ambayo analipa muuzaji, ushuru wa stempu asilimia 1, na kibali cha kuhamisha umiliki. Inachosha na inachukua muda, kwaiyo kwenye mkataba andikeni kiasi fulani kibaki mpaka jina libadilike.

Hela je? Piga hesabu ya kawaida, apatimenti ya milioni 150 inayopangishwa laki 9 kwa mwezi. Mwaka ni milioni 10.8, unaona asilimia 7 na kitu. Toa mwezi mmoja ikikaa tupu, toa sevisi chaji tuseme laki na nusu kwa mwezi, toa kodi ya TRA ya asilimia 10, unabaki na kama milioni 7, hiyo ni chini ya asilimia 5 na bado hujapaka rangi. Hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) za miaka 25 zilizotoka 2021 zilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Kwaiyo anayesema bora uweke UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au hati fungani ana hoja kabisa, hasa kama unataka hela ya kila mwezi leo. Mi nimenunua kwa sababu riba ya hati fungani imeshafungwa pale pale miaka yote na kodi ya nyumba karibu na Muhimbili naipanga upya kila mkataba unapoisha, na nina muda wa kusubiri. Ila kwa mkopo wa benki wa asilimia 15 mpaka 19 usiguse, kodi haitalipa rejesho hata nusu. Na wale waliokuwa wanapigia hesabu dola, kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutoza kwa fedha za kigeni, mikataba ni kwa shilingi.

Saivi kuna nyingine inauzwa humu humu jengoni, ghorofa ya juu yangu, hati ipo, bei inaongeleka. Ila mwenyewe anadaiwa sevisi chaji ya muda mrefu, nimemwambia akamalizane na mama mweka hazina kwanza alafu ndo tukae tuongee.